Punje Mbili, Ganda Moja

Jumatatu, tarehe 17 Novemba 1975, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nusu ya miche ya kahawa ya shamba la ujamaa la Ijumbi ilikuwa imelala chini, na mtu alikuwa bado anaendelea kuikata.

Mwalimu Gamaliel Kagaruki aliyaona hayo kutoka njia ya juu, ile inayotoka kwenye migomba na kukatiza rweya, uwanda wa nyasi, mpaka shuleni. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Mkataji hakuwa na haraka. Aliinama, akashika mche kwa mkono wa kushoto, akaupiga panga chini ya shina, akaulaza taratibu kama alazaye mtoto, kisha akahamia mwingine. Alipoinua uso, Gamaliel alimtambua, naye akamtambua Gamaliel. Alikuwa Apolinary Rwegasira.

Rwegasira alilihamishia panga mkono wa kushoto, akaweka kiganja cha kulia juu ya tumbo lake, karibu na kitovu, akakiacha hapo muda wa kutosha kuonekana. Kisha akaingia migombani.

Gamaliel alijua kilichokuwa chini ya kiganja kile. Ni kovu fupi lililonyooka. Yeye mwenyewe alikuwa nalo, mahali palepale.

Walichanjana wakiwa vijana, mwaka ambao Gamaliel alichaguliwa kwenda kusoma Bukoba na Rwegasira akabaki na jembe. Rwegasira ndiye aliyetaka. Alisema Kiingereza kitakuja kummeza rafiki yake, basi afadhali wafunge omukago, undugu wa damu, kabla hakijafungua mdomo. Mama yake, Ma Joviana, aliwapasulia tunda moja la kahawa kavu. Ndani yake mlikuwa na punje mbili, kama ilivyo kawaida. Kila mmoja akaipaka punje yake damu ya tumbo lake, akaiweka kiganjani, na mwenzake akaichukua kwa midomo, akaimeza. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa munywani wa mwenziwe.

"Punje mbili, ganda moja," Ma Joviana aliwaambia. "Atakayemsaliti mwenzake, punje itavimba tumboni mwake mpaka imuue. Na zikiingia zote mbili tumbo moja, kiapo chote ni cha tumbo hilo, mwingine yuko huru."

Gamaliel alikuwa Mlutheri na mwalimu wa sayansi. Alijua kwamba punje ya kahawa haikai tumboni miaka ishirini. Alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la sita safari ya chakula kutoka mdomoni mpaka mwisho wake, kwa mchoro wa chaki, bila kuona haya. Hata hivyo, asubuhi ile alipoondoka njiani, alitembea na mkono wake tumboni, na hakugundua mpaka alipofika shuleni na kushindwa kufungua mlango kwa mkono mmoja.

Mchana alikuja askari kutoka Muleba, Koplo Hamidi, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye maneno mengi na macho yasiyochoka. Alilizunguka shamba, akapanda njia ya juu, akaja moja kwa moja ofisini kwa walimu.

"Ndugu mwalimu, hapa kijijini nani huvaa viatu asubuhi na mapema?"

"Mimi."

"Nami nimeona hivyo. Kule juu viatu vimesimama. Havikupita, vimesimama, na ncha zake zinatazama shambani. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Hamidi aliviangalia viatu vile. Vilikuwa na kamba. Akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake walimkamata Mujuni. Mujuni alikuwa kijana mwenye domo, na kwenye mkutano wa kijiji alikuwa amesimama mbele ya mwenyekiti akasema, "Pandeni, tutaona kama itaota!" Panga lake lilikutwa na utomvu. Panga la kila mtu Ijumbi lilikuwa na utomvu, maana kila mtu alikuwa na migomba, lakini si kila mtu alikuwa amesema vile mkutanoni. Walimpeleka mahabusu Bukoba. Neno lililotumika lilikuwa hujuma, na kwa neno hilo watu walikuwa wakienda na kukaa kusikojulikana.

Mama yake Mujuni, Kemilembe, alianza kuja kwa mwalimu kila jioni. Hakuingia ndani. Aliketi kwenye majani mbele ya nyumba, mikono mapajani, mpaka mke wa mwalimu, Penina, atoke kumsalimia.

"Karibu ndani, Ma Kemilembe."

"Hapa panatosha, waitu. Nasubiri tu."

"Unasubiri nini?"

"Mwalimu hupita njia ya juu kila siku. Labda atakumbuka kitu."

Ndani, Gamaliel aliyasikia. Chakula kilikuwa mezani na hakikushuka. Penina alirudi, akamtazama.

"Tumbo limekufanyaje? Wiki nzima unalishika kama mjamzito."

"Ni gesi."

"Gesi." Penina aliondoa sahani. "Gamaliel, mimi ni binti wa mwinjilisti. Nimeliona hilo kovu tangu siku ya harusi na sijawahi kuuliza. Siulizi hata leo. Ila yule mama pale nje akija tena kesho, utatoka wewe kumkaribisha, si mimi."

Hakutoka. Kesho yake alipitia uani, nyuma ya jiko, akasimama kwenye migomba mpaka akaona mgongo wa Kemilembe ukishuka njiani. Hapo alitambua jambo ambalo hakulipenda: alimwogopa mwanamke yule aliyeketi kimya kuliko alivyomwogopa askari, na alimwogopa Rwegasira kuliko wote wawili. Alijipima joto kwa kipimajoto cha shule. Halikuwa limepanda. Alijipima tumbo kwa futi ya fundi cherehani, akapata kipimo, akajipima tena asubuhi. Halikuwa limevimba. Ukweli huo haukumpunguzia kitu.

Jumatatu iliyofuata Hamidi alirudi na wito wa mahakama. Gamaliel angetoa ushahidi Bukoba siku ya Alhamisi, juu ya alichokiona au ambacho hakukiona.

"Nimeulizauliza kijijini," Hamidi alisema, akijifanya anaangalia ramani ya Afrika ukutani. "Wahaya hamsemi kitu, mnatabasamu tu na kutafuna kahawa. Lakini mtoto mmoja kaniambia una ndugu ambaye si wa baba wala mama. Sikuelewa. Nimeelezwa. Sasa nakuona, mwalimu, upo kwenye dilemma."

Gamaliel aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile mtu alikuwa ametamka kitu anachoweza kukishika.

"Unajua maana ya neno hilo?"

"Matatizo. Mimi nalitumia kila siku. Gari langu halina petroli, dilemma."

"Hapana. Hilo ni gari halina petroli." Gamaliel aliinuka, akachukua kamusi kubwa ya Kiingereza aliyopewa na mwalimu wake Bukoba, lakini hakuifungua, hakuhitaji. "Waingereza wamelichukua kwa Walatini, na Walatini kwa Wagiriki. Mwanzo wake ni mbili. Mwisho wake ni kitu kilichochukuliwa, kwa maana ya kukubaliwa katika mabishano. Mpinzani wako anakuwekea mambo mawili. Anasema, chagua. Ukichukua hili, umekwisha. Ukichukua lile, umekwisha. Na la tatu halipo. Tatizo lisilo na jibu si lazima liwe dilemma. Ni lazima yawepo mambo mawili, na yote mawili yawe mabaya, na uwe umelazimika kuchukua moja."

"Alaa." Hamidi aliketi. "Na wale ng'ombe? Nimesikia Mzungu mmoja anasema habari za pembe."

"Wasomi wa zamani waliiita hoja yenye pembe. Ukiikwepa ya kulia, ya kushoto inakuchoma."

"Kama hawa ng'ombe wenu, pembe ndefu mpaka wanashindwa kuingia mlangoni." Hamidi alicheka, kisha akaacha. "Hao wasomi walitokaje?"

"Wametaja njia tatu. Ya kwanza, kupita katikati ya pembe, uonyeshe kwamba jambo la tatu lipo. Ya pili, kushika pembe moja kwa mkono, uonyeshe kwamba haiui kama inavyosemwa. Ya tatu, kumletea fahali yule fahali mwingine kama yeye."

"Na wewe?"

Gamaliel aliirudisha kamusi mahali pake.

"Mimi nafundisha saa nne," alisema.

Jumatano baada ya masomo alienda kwa Rwegasira. Alikuwa amekusudia kupita katikati. Jambo la tatu lilikuwepo: Rwegasira akiri mwenyewe. Mujuni atatoka, kiapo kitabaki kizima, na hakuna atakayekuwa amemsaliti mtu.

Alimkuta akimenya ndizi mbele ya msonge wa mama yake. Rwegasira hakusimama. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa, munywani. Umekonda. Shule hawakupi chakula?"

"Kesho naitwa mahakamani."

"Najua. Kijiji kizima kinajua. Hata hizi ndizi zinajua."

"Kwa nini ulifanya vile?"

Rwegasira aliendelea kumenya. "Bwana shamba alipopima lile shamba, aliikuta miramula ya kaburi imesimama kule mwisho, akaing'oa akidhani ni vichaka. Mtu wa mbali, atajuaje? Kwao kaburi ni saruji na msalaba. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwambia, pale chini ya miramula amelala baba. Akasema miche imeshapandwa, na maendeleo hayarudi nyuma. Nilivumilia miezi minne. Halafu nikaota baba ananiambia mizizi imefika kifuani."

"Ulikata nusu ya shamba. Kaburi ni moja."

"Nilianzia juu yake. Mkono haukusimama."

"Waambie hivyo hivyo. Nitasimama nawe. Nitawaeleza habari za miramula, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza."

"Watanifunga kwa Kiswahili na kwa Kiingereza." Rwegasira alicheka, akatupa ganda la ndizi. "Mujuni ni kijana. Hana mke, hana mtoto. Mimi nina saba, na huyu mzee ndani. Akikaa huko miaka miwili mitatu, domo litapungua."

"Hakufanya kitu."

"Wala si munywani wako."

Ma Joviana alitoka ndani. Alikuwa amezeeka sana, macho yamefunga utando, lakini kikapu kidogo cha kahawa alikishika bila kukitafuta. Mgeni hapewi kiti bila kahawa ya kutafuna, na hakuna Mhaya anayeikataa isipokuwa amekuja kutangaza uadui. Kwa kawaida humwaga kiasi kiganjani. Safari hii alitoa tunda moja.

Alilipasua kwa ukucha. Punje mbili.

"Nimesikia yote," alisema. "Damu mlishatoa. Leo ni kukumbushana tu. Gamaliel, mwanangu, nyosha mkono."

Hapo ndipo Gamaliel aliposhikwa na hofu ambayo alikuwa hajawahi kuifahamu. Akiichukua, amekubali kunyamaza kesho, na Mujuni amekwenda. Akiikataa, kiapo kimevunjika hapohapo, mbele ya aliyekifunga, kabla hata jua la kesho halijatoka. Alitafuta jambo la tatu kati ya kigoda na mlango, akaona ndizi zilizomenywa, panga, na mtu aliyemtazama kooni.

Alinyosha mkono. Ma Joviana akaweka punje moja humo, nyingine kwa mwanawe. Rwegasira akainama akaichukua ya Gamaliel kwa midomo. Gamaliel akaichukua ya Rwegasira. Ilikuwa chungu na kavu. Aliisukuma kwa ulimi mpaka nyuma ya meno ya shavu la kushoto, kisha akameza mate.

"Umemeza?" Rwegasira aliuliza.

"Nimemeza."

"Nami nimemeza. Nenda salama, munywani."

Alitembea mpaka alipofika kwenye migomba ya mtu mwingine kabisa, ndipo akaitema kwenye leso, akaifunga fundo. Alikuwa amemdanganya askari, sasa amemdanganya munywani wake na mama aliyemchanja. Pembe zote mbili zilikuwa bado mbele yake, na hakuwa amepita katikati ya kitu chochote.

Alhamisi asubuhi alipanda basi la kwenda Bukoba. Kemilembe alikuwa kiti cha mbele, na kifurushi cha chakula cha mwanawe. Basi lilipokuwa linaanza kuondoka mtu alirukia mlangoni, akapita katikati ya mizigo, akaketi nyuma ya Gamaliel. Gamaliel hakugeuka. Aliijua harufu ya tumbaku ile.

Njia nzima Gamaliel alisikia pumzi ya Rwegasira kwenye ukosi wa shati. Kila basi lilipoyumba, magoti ya yule mtu yaligusa kiti, na kila yalipogusa Gamaliel alikaza tumbo kama anayesubiri kuchomwa. Vumbi likamwingia kooni, akakohoa.

"Munywani," sauti ilisema karibu na sikio lake, kwa upole. "Kuna kitu kimekukwama?"

"Ni vumbi."

"Kunywa maji. Kikikwama hakifai."

Walipofika Rwamishenye, karibu na mjini, abiria walianza kushuka na ziwa likaonekana chini, jeupe. Gamaliel aliweka mkono mfukoni. Fundo lilikuwepo.

Mahakamani waliketi kwenye mabenchi. Mujuni aliletwa na pingu. Alikuwa amenyolewa, na domo lile halikuwepo tena. Alimtafuta mama yake kwa macho, alipompata akatazama chini. Hamidi alisimama mlangoni, kofia kwapani. Rwegasira aliketi benchi la mwisho, karibu na ukuta.

Gamaliel aliitwa. Alishika Biblia. Alipoapa, alisikia kwamba hiki ni kiapo cha pili, na kwamba cha kwanza kimemfuata kwa basi, kimeketi nyuma kabisa, kinamwangalia. Tumbo lilimuuma kweli sasa, maumivu makali chini ya kovu, na akili yake iliyosoma ilimwambia kwamba hofu hukaza misuli, na mwili wake haukuisikia.

Mwendesha mashtaka aliuliza, "Asubuhi hiyo ulisimama njia ya juu?"

"Nilisimama."

"Kufunga kamba ya kiatu?"

Kemilembe hakusogea. Gamaliel aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya ubao wa kizimba, akaona imeushika kama mtu anayeshika pembe. Hakuichagua pembe ile. Ilikuwa imeshashika.

"Hapana. Nilimwambia koplo uongo. Nilisimama kwa sababu nilimwona mtu anakata miche."

"Mtu huyo ni mshtakiwa?"

"Siye."

"Ni nani?"

Karani aliinua kalamu.

"Apolinary Rwegasira," Gamaliel alisema. "Chini ya miche ile lipo kaburi la baba yake. Naomba hilo nalo liandikwe."

Benchi la nyuma lilikwaruza sakafu. Gamaliel alifumba macho. Alisikia miguu mitupu inakuja sakafuni bila haraka, kama ilivyokuwa bila haraka shambani, na Hamidi akisema, "Wewe, simama hapo!" na miguu haikusimama. Alipofumbua, Rwegasira alikuwa mbele ya kizimba, karibu kiasi cha kumshika koo.

"Mheshimiwa," Rwegasira alisema, bila kumtazama hakimu, "alichosema ni kweli. Nimekata mimi, peke yangu. Yule kijana hajui kitu."

Hamidi alimshika mkono wa kushoto. Rwegasira alimwachia mkono huo. Kwa mkono wa kulia alichomoa kutoka mfuko wa shati kipande cha jani kavu la mgomba, akakifungua kwa kidole gumba. Ndani ilikuwemo punje ya jana, nzima, haijatafunwa wala kumezwa.

"Ipo wapi yako?" aliuliza kwa Kihaya.

Gamaliel alitaka kusema kwamba aliimeza. Badala yake akatoa leso. Fundo lilimshinda, akalifungua kwa meno, na punje ikadondoka kiganjani mwa Rwegasira, juu ya nyingine.

"Ni nini hicho?" hakimu aliuliza.

"Kahawa, mheshimiwa."

Hakimu alimtazama karani, karani akamtazama hakimu. Kisha hakimu akaagiza Rwegasira awekwe chini ya ulinzi na Mujuni afunguliwe pingu, na askari mmoja akaenda na ufunguo. Pingu zilipolia, Kemilembe alisimama.

Rwegasira alikuwa bado anamtazama Gamaliel. Akazitia punje zote mbili mdomoni, akazimeza, ziwe za tumbo moja.